Leza kwenye bastola: uichague vipi, uitumie vipi

Muuzaji wa duka la silaha atakuwashia leza ukutani na kukuambia kwamba nukta inapokaa ndipo risasi itakapotua. Hilo ni kweli kwa umbali mmoja tu, tena kama kidole chako hakitausukuma mtutu wakati wa kufyatua. Nukta inaonyesha mtutu ulikoelekea sasa hivi. Kati ya sasa hivi na risasi kutoka kuna kidole, na shabaha nyingi hupotelea hapo. Kwa sababu hiyo naipendekeza leza kwanza kama chombo cha kujifunzia nyumbani bila risasi, pili kama msaada wa gizani, na mwisho kabisa kama kitu cha kushika nafasi ya vilengeo vya kawaida.

Nawafikiria hasa wasomaji walioko Marekani, ambako bastola huuzwa dukani na leza nyingi hupatikana kwa dola 100 hadi 300 hivi. Mawili ya kisheria kabla ya kutoa pochi. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au ya utalii, kwa kawaida sheria ya shirikisho haimruhusu kumiliki silaha yenyewe, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni ya uwindaji. Kwake habari ya leza inaishia hapo. Na miji ina sheria zake: Chicago imepiga marufuku kumiliki leza ya silaha, hata kama bastola yako ni halali. Uliza unakoishi. Wala usimtumie ndugu yako leza Nairobi au Mwanza ndani ya kifurushi cha nguo; vifaa vya silaha vina masharti yake ya kutoka Marekani, na huko vinakofikia nako kuna wenye mamlaka ya leseni.

Nani anaihitaji kweli? Vilengeo vya chuma vinakutaka upange vitu vitatu kwa pamoja: mwanya wa nyuma, kinundu cha mbele na shabaha. Jicho huona vizuri kimoja tu kwa wakati mmoja, na mafunzo ya zamani yanataka kiwe kinundu cha mbele. Ukishapita miaka 45 hivi, kinundu hicho kinaanza kuingia ukungu, na miwani ya kusomea haisaidii kwa sababu inaufifisha ukuta wa mbele. Leza inakitoa kilengeo kwenye bastola na kukiweka kwenye shabaha, unapotazama tayari. Mwingine anayenufaika ni mwenye rivolva fupi ya mfukoni, ambayo vilengeo vyake ni vidogo mno na kifyatulio chake ni kizito. Kijana mwenye macho mazima na bastola ya kawaida, mimi ningemwambia fedha hiyo ampe mwalimu, na chenji anunue risasi za mazoezi.

Ukiamua kununua, anza na mahali leza itakapokaa. Kuna inayofungwa kwenye reli chini ya mtutu, mara nyingi ikiwa pamoja na tochi. Ni imara na inarekebishika, lakini ala yako ya sasa haitaipokea tena, kwa hiyo weka bei ya ala mpya kwenye hesabu. Kuna ya kwenye mshiko, aina iliyoipa jina kampuni ya Crimson Trace. Ukiishika bastola sawasawa, kitufe kinabanwa na leza inawaka yenyewe. Naipenda hii kwa sababu wakati wa hofu hakuna anayekumbuka kutafuta swichi. Kasoro yake ni kwamba jicho la leza liko pembeni, na kidole cha shahada kikilala ubavuni mwa bastola, kama kinavyotakiwa wakati hulengi, huweza kuuziba mwali. Wengine wakiona hivyo hukipeleka kidole kwenye kifyatulio ili nukta ionekane. Usifanye hivyo kamwe. Aina ya tatu huchukua nafasi ya kijiti kinachopita ndani ya springi chini ya mtutu. Haionekani kwa nje na ala haibadiliki, ila huwezi kuirekebisha, na kubadili betri kunakutaka uifungue bastola.

Rangi ni ya kijani au nyekundu. Mchana jicho la binadamu hung'amua zaidi mwanga wa karibu na nanometa 555, na leza ya kijani iko 520 hadi 532, ilhali nyekundu iko 635 hadi 650. Kwa nguvu ileile, kijani huonekana kali zaidi. Juani nukta nyekundu hupotea kwa hatua chache tu. Ndani ya nyumba au usiku inatosha kabisa, na kwa kawaida hula betri kidogo. Ukichagua nyekundu, soma kwenye boksi: yenye nanometa 635 inaonekana vizuri kuliko yenye 650. Usivutwe na zile za bei poa zinazojigamba kwa nguvu kubwa. Leza halali za aina hii huishia miliwati 5, na hata hizo zinaweza kudhuru jicho. Kioo, skrini ya televisheni na fremu ya picha huurudisha mwali. Na kuielekeza leza kwenye ndege, tangu mwaka 2012, ni kosa la shirikisho lenye kifungo cha hadi miaka 5.

Sasa hesabu ambayo muuzaji huiruka. Tuseme leza yako imekaa sentimita 4 chini ya mtutu, nawe umeirekebisha ikutane na njia ya risasi kwenye mita 10. Mistari hiyo miwili inakutana mara moja, kisha inaachana. Kwenye mita 5 risasi itapiga kama sentimita 2 juu ya nukta. Kwenye mita 20 itapiga sentimita 4 chini yake, na uzito wa risasi utaongeza moja au mbili. Ndani ya nyumba tofauti hiyo ni ndogo. Kwenye uwanja wa shabaha, kwa mtu anayetafuta alama, inatosha kumfanya ailaumu bastola bure. Leza ya pembeni ina mchezo huohuo, ila kwa kushoto na kulia.

Kuirekebisha si kazi ngumu. Bastola ikiwa tupu, ilaze juu ya mfuko wa mchanga mita 10 kutoka kwenye shabaha, panga vilengeo vya chuma katikati, kisha zungusha skrubu kwa kifunguo kinachokuja nayo mpaka nukta ikae juu ya kinundu cha mbele. Baadaye piga risasi tano ukiilenga nukta, kutoka palepale kwenye mchanga. Zikijikusanya kushoto, ipeleke nukta kushoto. Nukta ndiyo huzifuata risasi. Usirekebishe kwa sababu ya risasi moja iliyokwenda upande.

Faida kubwa ya leza inapatikana sebuleni, na haina gharama ya risasi. Toa magazini, koki, angalia chemba kwa jicho, ipapase kwa kidole. Risasi zote zipeleke chumba kingine. Kisha chagua ukuta, na hapa sisi tuliokulia kwenye nyumba za tofali na bloku tunajisahau: ukuta wa nyumba ya Marekani mara nyingi ni mbao na ubao wa jasi, na risasi hupita hadi kwa jirani. Lenga ukuta wa zege wa chumba cha chini ya ardhi, au kabati lililojaa vitabu tele, kana kwamba ipo risasi uliyoisahau.

Bandika kikaratasi cha ukubwa wa sarafu mita 4 au 5 mbele. Weka nukta juu yake na uangalie inavyotetemeka. Itatetemeka, mkono wa mtu aliye hai hautulii. Mwanafunzi mpya huisubiri nukta ipite katikati kisha hukivuta kifyatulio kwa pupa ili aiwahi, na ukiangalia wakati wa mlio wa "tik" utaiona nukta imeruka. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mara nyingi hurukia chini kushoto, kwa sababu vidole vyote vimeukaza mshiko pamoja na kile cha kufyatulia. Ukubali mtetemo. Kibane kifyatulio polepole, kwa mgandamizo unaoongezeka mfululizo, huku nukta ikicheza ndani ya eneo lake. Ikibaki humo baada ya "tik", umepiga vizuri. Bastola nyingi za kisasa zitakutaka ukoki upya kila mara. Rivolva haina usumbufu huo. Kama yako ni ya .22, tumia risasi bandia, maana nyingi za aina hiyo huumia zikifyatuliwa tupu.

Dakika kumi zinatosha. Mchovu hujifunza ubovu. Ukimaliza, tamka kwa sauti kwamba mazoezi yamekwisha, ondoa kikaratasi, ndipo uirudishe bastola mahali pake. Risasi huweza kutoka kwa bahati mbaya nyumbani kwa sababu ya "mara moja ya mwisho" baada ya magazini kurudishwa.

Kisha uzime leza na ufanye zoezi lilelile kwa vilengeo vya chuma. Ukishalenga, iwashe uone kama vinakubaliana. Anayeizoea nukta peke yake huinyoosha bastola kisha akaanza kuitafuta ukutani, na betri ikiisha hana la kufanya. Gizani napo, kumbuka leza haimuliki uso. Mlangoni anaweza kuwa mwanao aliyechelewa kurudi, na nukta kifuani pake haitakuambia hivyo. Ndiyo maana kama una nafasi ya kitu kimoja tu kwenye reli, chukua tochi.

Badili betri kila mwaka hata kama bado inawaka, na ufute masizi kwenye lenzi kwa kijiti cha pamba kila utokapo uwanjani. Ukishamaliza kurekebisha, chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kwenye skrubu hadi kwenye kasha. Siku mstari huo utakapoonekana umekatika, rudi kwenye mita 10 na mfuko wa mchanga kabla ya kuiamini tena nukta.