Makro Inaposhindwa Kufungua Faili Lililo Katika Seva

Katika hospitali nyingi taarifa ya mwezi huandaliwa kwa lahajedwali. Kila idara huhifadhi faili lake katika seva ya pamoja, na makro, yaani mfululizo wa maagizo yaliyoandikwa ndani ya Excel, huyafungua mafaili hayo moja baada ya jingine na kujumlisha takwimu zake. Makro inaposhindwa kufungua faili moja, wagonjwa wa idara nzima wanaweza kukosekana katika hesabu inayotumika kupanga dawa, vitendanishi na watumishi.

Kosa lililonyamazishwa

Kosa linalosimamisha kazi lina nafuu, kwa kuwa huonekana. Hatari iko katika agizo la On Error Resume Next, linaloiamuru programu kuruka kila kosa na kuendelea. Faili lisipofunguka, makro inaweza kubaki na takwimu za idara iliyotangulia na kuzihesabu mara ya pili, huku jumla ikionekana kamili. Ni sawa na kushusha homa bila kutafuta chanzo chake. Kwa hiyo, uchunguzi huanza kwa kuliondoa agizo hilo, kuiendesha makro mstari kwa mstari kwa kitufe cha F8, na kusoma ujumbe wa kosa.

Kutafuta chanzo

Faili husika lifunguliwe kwanza kwa mkono, katika kompyuta ileile na kwa akaunti ileile. Lisipofunguka, tatizo huenda likawa la mtandao, la ruhusa au la faili lenyewe. Likifunguka, yachunguzwe yafuatayo:

1. Anwani ya faili. Herufi kama Z: inaweza kuelekeza kwenye folda moja katika kompyuta hii na nyingine katika kompyuta ile, au isiwepo kabisa. Ni salama zaidi kuandika jina kamili la seva, kwa mfano \\seva\takwimu\maabara.xlsx. Aidha, Excel haikubali anwani inayozidi herufi 218.

2. Faili linalotumiwa na mtu mwingine. Makro inayosoma tu ifungue faili kwa sharti la ReadOnly:=True. Kompyuta ikizimika ghafla, faili dogo lililofichwa, lenye jina linaloanza na ~$, linaweza kubaki katika folda na kuonyesha kwamba faili bado linatumika.

3. Mtandao unaokatika. Makro inakili faili kwanza kwenye diski ya kompyuta, kisha ifungue nakala hiyo. Nakala zenye taarifa za wagonjwa zifutwe kazi inapokwisha, ili siri za wagonjwa zisibaki wazi.

Kufunguka si kukamilika

Hata faili likifunguka, bado haijathibitika kwamba takwimu zote zimeingia. Uingereza ilipata funzo hilo mwaka 2020. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, visa 15,841 vya UVIKO-19 vilivyothibitishwa havikuingia katika takwimu za kila siku. Taarifa za maabara zilihamishiwa katika muundo wa zamani wa Excel, XLS, usiobeba zaidi ya safu mlalo 65,536; zilizozidi ziliachwa. Waliopimwa walipata majibu yao, lakini kazi ya kuwatafuta watu waliokutana nao ilichelewa. Muundo wa XLSX hubeba safu mlalo 1,048,576, ila nao una kikomo.

Kwa sababu hiyo, kila makro ya takwimu za afya inapaswa kuhesabu mambo mawili kabla ya kutoa jumla: mafaili yaliyotarajiwa dhidi ya yaliyofunguliwa, na safu mlalo zilizotoka dhidi ya zilizopokelewa. Hesabu zisipolingana, makro isimame na kuitaja idara inayokosekana. Taarifa inayokiri upungufu wake inaweza kusahihishwa siku hiyohiyo. Inayouficha hufika kwa wapangaji wa huduma ikiwa na sura ya ukweli.