Sanamu Uchi Chuoni: Ni Kikwazo?



Kijana mwenzangu, tuseme chuo kikuu cha Kikatoliki, mfano SAUT pale Mwanza, kinataka kuandaa maonyesho ya sanaa, na baadhi ya sanamu hazina nguo. Tukubali? Wengi watajibu haraka, "Hapana, ni aibu!" Lakini kwenye falsafa tulifundishwa kutofautisha kwanza, kuhukumu baadaye.

Usukumani sanamu hizi siyo ngeni. Vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vilitumia sanamu za mbao kuvuta watazamaji kwenye mashindano, na baadhi hazikuvikwa kitu. Hata Roma, Michelangelo alipomaliza kuchora Hukumu ya Mwisho katika Kikanisa cha Sistina mwaka 1541, miili mingi ilikuwa uchi. Baada ya Mtaguso wa Trento, mchoraji mwingine alipewa kazi ya kuisitiri. Mwaka 1994, mchoro ukiwa umesafishwa, Mt. Yohane Paulo II alikiita kikanisa hicho patakatifu pa teolojia ya mwili.

Katika katekesi zake za mwaka 1981 alieleza kwamba mwili uchi katika sanaa siyo uovu wenyewe. Ubaya unaanza pale mtu anapogeuzwa kitu cha kutumiwa. Basi tusiishie kuuliza, "Amevaa?" Tuulize, "Anayetazamwa bado ni mtu?"

Sasa tuje nyumbani. Huku Geita, dhahabu ikitoka, wapo wanaodhani binti naye ana bei kama gramu. Huyo binti kavaa nguo zake zote, lakini ameshavuliwa utu. Na kwenye simu zetu picha chafu hazikosekani. Aliyezoea kutazama hivyo ataitazama na sanamu hivyo hivyo. Kuificha sanamu hakumponyi. Anahitaji kufundishwa upya kutazama, na chuo ni mahali pa kufundishia.

Hata hivyo, Mt. Paulo anaonya kwamba uhuru wetu usiwakwaze walio dhaifu (1 Kor 8:9). Kwa hiyo mimi naona zionyeshwe, ila ziwe ukumbini, siyo mlangoni pa kanisa. Awepo mwalimu wa kuzieleza. Na asiyetaka kuingia asilazimishwe wala asichekwe.

Zoezi la wiki: Soma Mwz 2:25 taratibu. Kisha jiulize: wiki hii nimemtazama nani kama kitu? Mwombee Salamu Maria moja, kwa jina lake kama unalijua.