SAUTI YA MTU NA SAUTI YA NGOMA



Hapa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, ngoma ya mti husikika mbali kuliko mtu aitaye. Wako wasemao kwamba ndani yake mna mzimu unenao. Na tulichunguze jambo hili, kwani atakaye Ubatizo hana budi kupambanua kazi ya Mungu na hofu ya bure.

1. Sauti ni nini?

Sauti ni mtetemo. Weka vidole kooni, useme “aaa”: utauona. Pumzi itokayo mapafuni hupita kati ya nyuzi mbili za koo na kuzitetemesha, kwa mwanamume yapata mara 100 na zaidi katika sekunde moja, kwa mwanamke yapata mara 200. Mtetemo ukiongeza mbio, sauti hupanda, ukipunguza, hushuka. Kisha ulimi na midomo huifanya kuwa maneno.

Likembe hufuata kanuni ile ile. Chuma kifupi hutoa sauti ya juu, kirefu sauti ya chini, na uwazi wa sanduku huikuza.

2. Ngoma hunenaje?

Ngoma ya mti, iitwayo lokole mahali pengi pa Kongo, haina ngozi. Fundi hulifukua gogo kwa kupitia mwanya mwembamba, akiacha midomo miwili yenye unene usio sawa. Mmoja hutoa sauti ya juu, wa pili sauti ya chini.

Lugha zetu za asili, kama Kikusu, hupandisha na kushusha sauti ndani ya neno, na mpigaji huiga hivyo hivyo. Lakini maneno mengi hupanda na kushuka kwa namna moja. Kwa hiyo mpigaji hapigi neno moja tupu, bali hulitia katika usemi mrefu, ili msikiaji asikosee. John Carrington, mmisionari wa Kiprotestanti huko Yakusu, karibu na Kisangani, aliyaeleza hayo kitabuni mwaka 1949. Basi kinenacho si mzimu; ni akili ya mtu aliyopewa na Mungu.

3. Ngoma kanisani

Zaburi ya 150 yaalika ala za muziki zimsifu Mungu. Mwaka 1958, huko Kamina, Padre Guido Haazen na waimbaji wake waliimba Misa kwa nyimbo za mtindo wa Kongo na ngoma. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba muziki wa kila taifa upewe heshima, na ala zinazofaa zikubaliwe katika ibada kwa idhini ya wakubwa wa Kanisa. Mwaka 1988 Roma ilithibitisha Misale ya majimbo ya nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule.

Hata hivyo, ngoma ina mpaka wake. Siku ya Ubatizo Padre atakuuliza wewe, na hakuna ngoma iwezayo kujibu “Nasadiki” kwa ajili yako.

Maswali

Swali: Sauti hutoka wapi?
Jibu: Hutoka katika kitu kitetemacho.

Swali: Je, mzimu hunena ndani ya ngoma?
Jibu: Hapana. Hunena mtu, kwa mikono na akili yake.

Swali: Nani atakayekiri imani yako?
Jibu: Mimi mwenyewe, kwa sauti yangu.