Reli Iliyogeuka Njia ya Baiskeli

Kazi ya kujitolea haiko kwetu peke yetu. Huko Uingereza, reli iliyounganisha miji ya Bristol na Bath iliacha kutumika, vyuma vikang'olewa, vichaka vikaota. Mwaka 1977 wapenda baiskeli wa Bristol waliunda kikundi, wakakiita Cyclebag. 1979 wakashika makoleo, wakatengeneza kipande cha kwanza, Bath hadi Bitton, kama kilomita 8. Kufikia 1986 njia nzima ya kilomita 21 hivi ilikuwa tayari.

Walianzia wapi? Kwa kilichokuwepo. Gari moshi haliwezi kupanda mlima mkali, kwa hivyo tuta la reli limelala vizuri. Hata mzee huendesha baiskeli hapo bila kuhema. (Harambee nyingi hukimbilia kununua kabla ya kutazama walicho nacho!)

Lakini kufungua njia ni rahisi kuliko kuitunza. Maji yakituama, njia huoza chini kwa chini, na kichaka hakingoji mkutano wa kamati. Sasa sisi tunauliza: ile barabara kikundi chenu kilichimba, nani anazibua mitaro? Andikeni jina lake na siku yake kabla ya mvua ndefu ya Machi.