DAWA INAYOMFUNGA MFAGIAJI

Ninyi mnaogawa dawa katika wodi, sikieni habari hii. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View, New York, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa iproniazidi. Wengine walichangamka kupita kiasi, ingawa mapafu yao yalikuwa mabaya bado. Mwaka 1957 waganga wakaanza kuwapa watu wenye huzuni nzito. Baadaye iliachwa, kwa maana iliharibu ini. Lakini dawa za ukoo wake, fenelzini na tranilsipromini, zingali zikitumika.

Zinafanyaje kazi? Mishipa ya fahamu hupelekeana habari kwa vitu kama serotonini na noradrenalini. Kisha monoamini oksidazi huviharibu, kama mfagiaji aondoavyo takataka uani. Dawa hizi humfunga mfagiaji huyo. Vitu vile huongezeka, na baada ya majuma kadhaa huzuni huanza kupungua.

Lakini mfagiaji yumo pia katika matumbo na ini. Huko huharibu tiramini, iliyo nyingi katika jibini la zamani na katika samaki au nyama iliyokaa vibaya. Akifungwa, tiramini huingia katika damu, na nguvu ya damu hupanda ghafula: kichwa huuma sana kisogoni, moyo hupiga mbio, hata mshipa wa ubongo waweza kupasuka. Mwaka 1963 mfamasia wa Nottingham, Uingereza, alimwandikia daktari Barry Blackwell kwamba mkewe, aliyemeza dawa hizi, aliumwa hivyo kila alapo jibini. Efedrini huleta hatari ileile.

Pethidini ni mbaya kwa njia nyingine: serotonini huzidi mno, mgonjwa hupata homa kali, hutetemeka, huchanganyikiwa, na aweza kufa. Tramadoli vilevile.

Mtu atasema, “Niliacha vidonge juma lililopita.” Haitoshi! Fenelzini humfunga mfagiaji moja kwa moja. Mwili sharti utengeneze mwingine, nao huhitaji siku 14 hivi.

Wala msidhani ni mambo ya Ulaya tu. Linezolidi, wanayopewa leo wenye kifua kikuu kisichosikia dawa za kawaida, nayo humfunga, ingawa kwa udhaifu na kwa muda. Basi mgonjwa akiletwa usiku na mguu uliovunjika, kabla ya kujaza pethidini katika sindano mwulize: “Baba, umemeza dawa gani majuma haya mawili?” Asipojua jina, mtume ndugu yake nyumbani alete vidonge vyenyewe.