Saa ya Mwili Safarini
Mfanyabiashara atokaye Dar es Salaam kwenda Guangzhou hukuta saa za huko zimetangulia kwa saa tano. Inapotimu saa mbili asubuhi, mwili wake ungali saa tisa usiku. Mwili huizoea tofauti hiyo kwa takriban saa moja kwa siku. Kwa hiyo tunashauri mikataba na malipo ya awali visifanywe siku ya kuwasili. Tunafahamu kwamba hoteli ni gharama, lakini mzigo uliohesabiwa kwa usingizi hugharimu zaidi. Mwanga wa jua kuanzia saa nne asubuhi husaidia. Kahawa ya jioni huchelewesha usingizi. Atumiaye insulini asibadili saa za dozi kwa kukisia: amwone daktari kabla ya safari, akiwa na ratiba ya ndege mkononi.