ELIMU YA MIMEA: MUHOGO NA JAMAA ZAKE

Hapana mkulima asiyeujua muhogo. Lakini tukiuliza muhogo ni ndugu wa mmea gani, wasomaji wengi watajibu kuwa ni ndugu wa kiazi, kwa sababu vyote viwili huchimbwa ardhini. Jibu hilo si sahihi. Wataalamu wa mimea, wanapotafuta undugu, hutazama kwanza ua na tunda, wala si kile kilichofichika udongoni. Ua la kiazi kitamu ni kama tarumbeta ndogo, na la muhogo halifanani nalo hata kidogo.

Jamaa ya muhogo huitwa Yuforbia, nayo ni kubwa mno. Mnyaa upandwao kuzungushia boma umo, na mbarika utoao mafuta ya nyonyo umo, na mbono kaburi, na mpira. Hata lile ua jekundu lililoletwa kutoka Mexico, wapendalo watu kulipanda mbele ya nyumba, ni la jamaa hii. Na ule wekundu wake ni majani tu, maua yenyewe ni yale madogo ya manjano yaliyo katikati.

Msomaji aende shambani akatazame muhogo uliochanua. Ataona maua ya namna mbili katika kishada kimoja: ya kike yako chini karibu na shina la kishada, nayo ni machache, ya kiume yako juu, nayo ni mengi. Yale ya kike hufunguka mbele, na ya kiume hufuata baada ya siku kadha wa kadha. Katika mbarika mpango umegeuka, ya kike yako juu na ya kiume chini. Kisha atazame tunda. Tunda la muhogo, na la mbarika, na la mpira, yote yana vyumba vitatu, na kila chumba kina mbegu moja. Hiyo ndiyo alama ya ukoo.

Wako wanaodhani kuwa alama ni utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo tunauona katika mnyaa, nao ni mkali. Ukiingia jichoni huunguza na waweza kupofusha, basi akatae ua wa mnyaa asiupanguse uso kwa mkono, na jicho likiingiwa lioshwe mara moja kwa maji mengi. Lakini mbarika hauna maziwa, nao ni wa jamaa. Mpapai unayo, nao si wa jamaa.

Katika jamaa yote hiyo, ndugu wa karibu wa muhogo ni mpira ule uliotoka Ceará, Brazil, nchi ambako Wareno walikoutoa muhogo wenyewe. Wajerumani waliupanda mpira huo kwa wingi Tanganyika kabla ya vita ya 1914, lakini bei yake ilianguka mwaka 1913, na mashamba mengi yakaachwa. Watu wa pwani hawakuutupa. Hutwanga majani yake na kuyapika, nayo huitwa kisamvu cha mpira.

Undugu huo ulileta faida kuu. Katika miaka ya 1930 ugonjwa wa batobato uliharibu mihogo mingi, majani yakikunjamana na kuwa na mabaka. Mtaalamu H. H. Storey, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, aliuzalisha muhogo pamoja na mpira wa Ceará, kwa kuwa mpira ulistahimili ugonjwa ule. Watoto wa kwanza walikuwa na mizizi duni isiyofaa kuliwa, ikabidi wazalishwe na muhogo tena na tena. Mbegu zilizotokana na kazi hiyo zilipelekwa hata Nigeria, na mihogo mingi istahimiliyo batobato inayolimwa Afrika yatokana na ukoo ule.

Sasa twafika kwenye jambo zito. Jamaa hii ni jamaa ya sumu. Mbegu ya mbarika yaweza kuua, ingawa mafuta yakamuliwayo vema hayana sumu ile. Muhogo nao una sumu yake, iitwayo sianidi, na muhogo mchungu unayo nyingi kuliko mtamu. Sumu hiyo imefungwa ndani ya mmea. Muhogo ukatwapo au utwangwapo, chachu iliyomo ndani yake huifungua, nayo hutoka kama hewa. Ndiyo sababu bibi zetu walitwanga kisamvu kabla ya kukichemsha, na wakauloweka muhogo mchungu.

Mvua zikikosekana, sumu huzidi katika mizizi, na wenye njaa hufupisha siku za kuloweka. Hapo huja ugonjwa uitwao konzo, neno la Kiyaka cha Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa. Mtu hulala mzima, akaamka miguu yote miwili imekakamaa, wala haiponi tena. Watoto na wanawake ndio wapatwao zaidi, hasa wale wasiopata samaki, nyama wala kunde. Mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000 walipatwa katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Nchini Tanzania ulitokea Tarime mwaka 1985, na Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Muhogo mchungu ulowekwe siku tatu au zaidi mpaka ulainike, kisha ndipo uanikwe. Kuanika makopa juani bila kuloweka hakutoshi. Na ikiwa unga umekwisha kusagwa na kuna shaka, iko njia nyingine: utiwe maji ulowane, utandazwe juu ya ungo au mkeka, tabaka jembamba, ukae saa mbili juani au saa tano kivulini, hewa ile ipate kutoka. Unga uliofanyiwa hivyo usongwe ugali siku ile ile, maana ukilala na maji huvunda.